Salamu Niliyoiweka Kwenye Faili la Wote

Ile salamu ilikuwa yangu. Niliiandika mimi, kwa vidole vyangu hivi, nikiwa na akili timamu na chai mkononi. Kwa karibu miaka mitano nilipoulizwa nilisema sijui, au nilisema ilikuja na mfumo, au nilisema labda ni apdeti, yale marekebisho yanayojileta yenyewe. Ninyi mnaojifunza kompyuta Rubondo na Base Camp, humu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mmenisikia nikisimulia habari hiyo darasani kama kosa la "mtu fulani". Mtu fulani ndiye huyu anayewaandikia.

Sasa nimestaafu. Si kwa uzee sana, ni kwa macho. Daktari aliniambia skrini na mimi tuachane kwa amani kabla hatujaachana kwa ugomvi. Kwa hiyo nina nafasi ya kuwaeleza kazi ilivyokuwa, na kwa sehemu kubwa nitawaeleza kwa majivuno, maana nina haki ya kujivuna. Chumba chetu cha Base Camp kilikuwa na kompyuta saba, madirisha mawili na vumbi lisilo na idadi. Lakini tovuti za zahanati na shule ambazo watu wa mji wa Mbarara wanazifungua kila siku kwenye simu zao zilitengenezwa humo, na watu waliovuka mpaka wakiwa na mfuko mmoja. Mtu asiwaambie kwamba Nakivale ni mahali pa kungojea tu.

Mimi niliingia kazi hii kwa mlango wa nyuma. Nilisoma chuo kikuu Bukavu, nikapata lisansi ya kufundisha Kifaransa, shahada ambayo hadi leo haijawahi kurekebisha kompyuta hata moja. Kazi nilifundishwa na Mwalimu Kyomuhendo wa Nyamitanga, pale Mbarara, mama mfupi, mpole, mwenye subira ya kutisha. Mwezi wangu wa kwanza nilibeba kompyuta nzima kutoka Nakivale hadi kwake, nimeifunga kwenye kitenge kama mtoto mwenye homa, kwa sababu ilikuwa imekataa kuwaka. Nilimweleza dalili zote kwa nusu saa, kwa Kiswahili fasaha. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaigeuza, akabonyeza swichi ndogo ya nyuma kwa kidole kimoja. Ikawaka.

"Nyabo," aliniambia, neno la heshima la huko kwa mwanamke, "umeongea mingi kabla ya kuangalia."

Hilo lilikuwa somo la kwanza. La pili alilirudia kila wiki: kata katikati. Ukiwa na mistari mia na mmoja wao ni mbovu, usisome yote ukiomba Mungu akuonyeshe. Zima hamsini. Tatizo likibaki, liko kwenye hamsini nyingine. Zima ishirini na tano. Kwa hatua saba utakuwa umelishika shingo. Nimeutumia ujuzi huo kwenye kompyuta, kwenye mabomba ya maji, hata kwenye kutafuta ni nani katika kwaya anayeimba nje ya sauti. (Nilikuwa mimi. Nikatoka kwaya.)

Basi, salamu.

Ukifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, ndani yake kuna programu inayokupokea na kutekeleza unachoandika. Tunaiita sheli, na haina uhusiano na petroli. Kabla haijakusikiliza, sheli husoma kwanza faili la kuanzia, ambamo umeipangia mambo yako: programu ziko wapi, rangi unazozipenda, vifupisho vyako. Chumbani kwetu kila mtu alikuwa na faili lake, na yote yalisoma faili moja la wote. Hilo la wote ndilo nililolilinda kama jikoni kwangu. Niliandika sheria kwa kalamu nene na kuibandika ukutani: "Mtu asiguse faili la wote bila kuandika kwenye daftari." Chini nikaweka sahihi yangu, Mapendo, ndefu, na mkia.

Sasa, ninyi mnatujua sisi watu wa Kivu. Kwetu kanisani Rubondo hakuna anayesimama kutangaza hata kwamba mbuzi amepotea bila kusalimu kwanza. "Bwana asifiwe!" Amina. "Bwana asifiwe tena!" Amina. Halafu salamu za wa nyumbani kwake, za walioko safarini, na shukrani kwa aliyempa nafasi. Mbuzi wakati huo anaendelea na safari yake. Mtu anayeingia moja kwa moja kwenye neno lake tunamwona amelelewa porini. Kwa hiyo nilipoona kila asubuhi dirisha jeusi linafunguka kimya, bila hata habari za kulala, lilinikera. Siku moja, kabla wenzangu hawajafika, nilifungua faili la wote nikaongeza mistari miwili. Toka siku hiyo kila aliyefungua dirisha alipokelewa hivi:

Bwana asifiwe, watu wa Base Camp!
Mumeamka salama? Leo ni Jumanne. Kazi njema.

Siku ilijibadilisha yenyewe, jambo lililonipa fahari isiyo na kiasi. Kwenye daftari sikuandika kitu. Nilisema nitaandika kesho. Wenzangu walipofika na kuona, walicheka, wakaipenda. Mmoja akauliza imetoka wapi. Nikasema, "Inaonekana imekuja na mfumo." Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani niliitazama ile sahihi ukutani.

Kwa karibu mwaka mzima salamu haikumdhuru mtu.

Mwenzangu mkubwa humo chumbani alikuwa Feza. Ametoka upande wa Fizi, hukohuko Kivu, ana watoto watatu, hasemi sana. Akisema, anasema kitu kilichokwisha kupimwa. Nilimfundisha mimi, na ninakiri kwamba baada ya miaka miwili nilikuwa ninamfundisha mambo aliyokwisha kunipita. Yeye ndiye aliyependekeza tuache kihariri chetu cha zamani, ile programu ya kuandikia msimbo, tuchukue kipya chenye plagini: vile vipande vidogo unavyovichomeka ili kikuonyeshe kosa kabla hujalimaliza kuliandika, kikupangie mistari, kikutafutie programu nyingine. Bwana Tumusiime, mwenye kampuni ndogo huko Mbarara iliyotupa kazi, alikubali. Feza akaweka kihariri kipya kwenye mashine zote saba siku moja, kazi safi.

Kesho yake, tulipokifungua kwa mara ya kwanza, plagini zote zilikuwa zimekufa. Mashine saba. Kila moja ilitoa ujumbe uleule mwekundu, kwamba imekutana na herufi B isiyotarajiwa mwanzoni, kisha ikanyamaza.

Kule Rubondo, pampu ya kisima ikikataa kutoa maji, mwenye kosa ni yule aliyeshika mpini wake mara ya mwisho. Hata kama bomba limeoza chini kwa miaka mitano, mama aliyesukuma mwisho ataangaliwa vibaya wiki nzima. Basi Bwana Tumusiime, ambaye si wa Rubondo, alifikiri vilevile. Alipiga simu. Kiswahili chake alikiokota kwenye malori, na hakina muda wa kupoteza.

"Nyabo, hii mashini yenu iko na shida gani? Juzi iko sawa, leo imekufa. Nani alishika?"

"Tunatafuta, Bwana."

"Huyu Feza ndiyo alishika ya mwisho. Si ndiyo?"

"Ndiyo," nilisema. Na ilikuwa kweli, na ukweli wa namna hiyo ndio mbaya kuliko uongo.

Siku hiyohiyo Feza alikuja mezani kwangu, akasimama.

"Yaya," aliniita, yaani dada mkubwa kwa lugha ya kwetu, "kuna mutu aligusa faili ya bote?"

"Mimi? Nitaigusa juu ya nini?"

"Siulize weye. Nauliza kama kuna mutu."

"Daftari si lile pale? Angalia."

Akaangalia daftari. Halikuwa na kitu. Akarudi mahali pake, akaanza kuondoa plagini moja moja na kuzirudisha, kazi ya siku nzima isiyo na faida, na mimi nikamwacha.

Nataka mnielewe vizuri hapa, maana ni rahisi kunifanya mbaya kuliko nilivyokuwa. Siku ya kwanza sikujua kwamba ni salamu. Kwa haki kabisa sikujua. Salamu ilikuwa imekaa pale muda mrefu, na kitu kilichokaa muda mrefu hatukioni tena. Tunatafuta kosa kwenye kitu kipya. Hilo liandikeni: kitu kipya mara nyingi hakijaleta kosa, kimelifichua tu.

Zilipita siku tisa. Kazi ya zahanati mbili ilisimama. Feza akapokea ujumbe kutoka Mbarara akanionyesha: aeleze sababu ya hitilafu kwa maandishi, ama aache nafasi yake kwa mwingine. Siku hiyo hakula.

Siku ya kumi ilikuwa Jumanne. Wenzangu walipokwenda kutafuta maharage sokoni, nilibaki. Nikafanya alichonifundisha Mwalimu Kyomuhendo, ambacho ningepaswa kukifanya siku ya kwanza badala ya kumtazama Feza akihangaika. Nilitengeneza akaunti mpya yenye faili la kuanzia tupu. Kihariri kikafunguka, plagini zote zikaamka, zikawa nzima kama watoto waliotoka kuoga. Kwa hiyo Feza alikuwa hana kosa. Alichokiweka kilikuwa kizima. Nikaunganisha faili la wote: zikafa. Kosa lilikuwa humo. Nikazima nusu ya mistari. Zikaamka. Nikawasha robo. Nilipofika kwenye mistari miwili ya mwisho nilikuwa nimekwisha kujua, lakini niliendelea kukata, kama mtu anayesoma barua ya msiba mpaka mwisho akitumaini jina litabadilika.

Sasa sikilizeni jinsi inavyotokea, maana itawapata na ninyi. Kihariri kikifunguka, kabla plagini hazijaanza, kinaiita sheli kimyakimya nyuma ya pazia na kuiuliza: programu ziko wapi? Kinategemea jibu lenyewe bila neno lingine, orodha tu, iliyoanza kwa mabano na kupangwa kwa namna kinayoijua. Lakini sheli yetu ilikuwa imelelewa vizuri. Ilianza kwa kusema Bwana asifiwe, watu wa Base Camp. Kihariri, ambacho hakijawahi kuingia kanisani, kilipokea B mahali kilipotegemea mabano, kikaona huyu ni mwendawazimu, kikafunga mlango.

Jaribio la kulithibitisha ni dogo, na nawaomba mlishike hata mkisahau yote mengine. Iiteni sheli kwa njia ileile inayoitwa na kihariri, muipe amri isiyofanya kitu chochote, kisha mhesabu herufi zinazotoka. Amri haifanyi kitu, kwa hiyo lazima ipatikane sifuri. Nyumba tupu haitoi sauti. Yetu ilitoa herufi sabini na tisa, nafasi na mwisho wa mistari vikiwemo. Nilizihesabu mara mbili.

Ningeweza kuifuta ile mistari miwili na kwenda kula. Lakini niliipenda salamu yangu, na nilidhani ni mjanja. Nikaiwekea sharti: salimu ikiwa tu kuna mtu anayetumia sheli kwa mkono. Ndivyo vitabu vinavyosema. Nikafungua kihariri kwa ushindi. Zikafa tena. Nilikaa nikiangalia ile B nyekundu. Kumbe kihariri kile kilikuwa kinaiita sheli kwa kujifanya mtu, ili kipate mipangilio yote ambayo mtu angeipata. Kuuliza kama mlangoni kuna mtu hakutoshi mgeni akiwa mwongo. Nikabadilisha sharti: angalia maneno yanaelekea wapi. Yakienda kwenye skrini, salimu. Yakienda kwenye mfuko wa programu nyingine, funga mdomo. Nikahesabu herufi: sifuri. Nikafungua dirisha jeusi: Bwana asifiwe. Nikafungua kihariri: plagini zote hai.

Ninajivunia dakika arobaini zile hadi leo. Ndiyo kazi safi kuliko zote nilizofanya. Halafu wenzangu wakarudi, nikaifanya kazi chafu kuliko zote.

"Zimepona," nilisema.

Feza akafungua mashine yake, akaangalia. "Zimepona namna gani?"

"Sijui. Labda ni apdeti."

Akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayengojea mwenzake amalize sentensi. Sikuimalizia. Akageukia skrini akaandika barua yake kwa Bwana Tumusiime: hitilafu imeondoka, sababu haijajulikana. Kazi zikarudi, zahanati zikapata tovuti zao, hakuna aliyefukuzwa. Nikajiambia yamekwisha bila damu. Lakini Bwana Tumusiime ni mtu wa kutunza karatasi, na ile barua aliitunza.

Miaka minne baada ya hapo ndipo macho yangu yalipoanza kuniacha. Katika miaka hiyo Feza ndiye aliyekishika chumba. Aliondoa sheria yangu ukutani na kuweka njia bora: kila badiliko la faili la wote linatunzwa lenyewe na mashine, nani, lini, kitu gani, bila kutegemea adabu ya mtu yeyote, hasa mkubwa. Aliwafundisha wengi wenu. Aliweza kukaa mbele ya mashine iliyogoma akauliza maswali matatu, la tatu likawa jibu. Kila nilipomwona nilijisikia kama mtu aliyepanda mti akakuta una matunda kuliko alivyoahidiwa. Nilipotangaza kwamba naondoka, hakuna aliyeuliza nani atanirithi. Hata kuku wa mlangoni walijua.

Bwana Tumusiime hakujua. Siku ya mwisho wa wiki, mchana, alinipigia. Tulikuwa barazani, mimi na Feza, tunasafisha kibodi kwa brashi. Niliweka simu kwenye kipaza sauti kwa sababu mikono ilikuwa michafu.

"Nyabo, nimetafuta mutu ya kuweka fasi yako," alisema. Neno "fasi" aliliokota kwetu. "Kuna kijana hapa Mbarara, ametoka chuo. Nitamutuma huko."

"Na Feza?"

"Feza ni mutu muzuri. Lakini mimi niko na karatasi yake hapa. Siku kumi mashini zimekufa, yeye alishika, halafu anaandika hajui sababu. Fundi ambaye hajui sababu, mimi namupa chumba namna gani?"

Feza aliendelea kupiga brashi kibodi. Hakuinua kichwa. Nami nilitazama vumbi likitoka katikati ya herufi, nikaona kwamba kimya changu kilikuwa kimefika mwisho wa barabara, na mbele hakukuwa na njia ya kukwepa.

"Bwana Tumusiime, sababu ninaijua," nilisema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

Nikamweleza. Salamu, faili la wote, daftari nililolipita, mashine kumsikia mtu akisalimu mahali ilipotaka orodha. Nikamweleza kwamba niliipata siku ya kumi, nikairekebisha wakati wenzangu wanakula, nikasema ni apdeti. Nilisema kila kitu kwa mpangilio, bila utangulizi wowote.

"Nyabo," alisema. "Wewe? Na shahada yote hiyo?"

"Na shahada yote."

"Feza iko hapo?"

"Niko, Bwana," Feza alisema.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua toka ile siku. Faili inaonyesha saa yenye iliguswa. Saa ya kula. Na sisi bote tulikuwa sokoni, isipokuwa yeye."

"Sasa kwa nini uliandika hujui? Ungeniambia mimi!"

Feza aliweka brashi chini. "Ni mukubwa wangu, Bwana. Ye njo alinifundisha. Nilikuwa namungojea."

Miaka minne. Nilitamani baraza linimeze, na wakati huohuo, nisiwafiche, nilijivuna, kwa sababu mtu wa namna hiyo alikuwa ametoka mikononi mwangu, hata kama hakuyapata yote kwangu.

Bwana Tumusiime alikohoa. Tulisikia karatasi ikichanwa, au labda ni mimi niliyetaka kuisikia.

"Basi kijana atabaki hapa Mbarara. Feza, chumba ni yako. Unaanza Jumatatu."

"Hapana, Bwana," Feza alisema.

Nikageuka kumtazama.

"Jumatatu haiwezekani. Jumatatu tunahamisha mafaili ya zahanati ya pili, na mukubwa wa ile kazi ni Yaya Mapendo, ameianza yeye, ataimaliza yeye. Nitaanza Jumatano."

Tulimsikia akiandika.

"Sawa, nyabo," alisema Bwana Tumusiime, na safari hii nyabo hakuwa mimi. "Jumatano."